Waliovuta Kamba

Usiku wa kwanza Vasundhara hakunipa kiti.
"Simama," akasema, "utazame kwanza."
Kwenye skrini shujaa amening'inia katikati ya kijani,
si kijani cha jani wala cha chura,
kijani ambacho hakuna ngozi ya mtu imewahi kukivaa,
ndiyo maana kikachaguliwa.
"Hiki tutakibandua, nyuma yake tuweke mlima.
Mlima wenyewe bado. Unapikwa ghorofa ya chini."

Hyderabad, juu ya duka la vitamutamu.
Nje, Mei inachemsha lami;
ndani tumevaa masweta, meno yanagongana,
maana ubaridi ule uliwekewa mashine,
sisi tunauazima tu.

Sekunde moja, picha ishirini na nne.
Nilidhani najua kuhesabu.
Shujaa anaruka sekunde tisa:
picha mia mbili na kumi na sita,
na katika kila moja nyaya mbili kiunoni,
na kushoto, ukingoni mwa kitambaa,
wanaume wanne wanaovuta kamba.

"Wafute," akasema Vasundhara.

Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba kabla ya kuweka joka
unaondoa mtu.

Unazungusha mstari kwenye nywele, unywele kwa unywele,
kama kinyozi aliyekatazwa kukata.
Unaazima anga kwenye picha ya jirani, unaziba tundu,
kisha unanyunyizia chenga za filamu juu yake,
kwani kiraka kisafi mno ndicho kinachosema.
Halafu mwanga. Jua la mlima sharti lipige shavu lilelile
lililopigwa na taa ya studio,
la sivyo mtazamaji hajui kosa liko wapi,
ila anaanza kutafuta simu yake.
Vasundhara ana methali yake, ameibandika juu ya birika:
Mficha waya, kivuli humuumbua.

Siku kumi na moja nilikaa na wale wanne.
Wa kwanza, soksi imetoboka kidole gumba.
Wa pili anahesabu kwa midomo.
Wa tatu, picha ya themanini na nane,
anapiga chafya
na kamba haitikisiki.
Nikataka kumwambia mtu.
Lakini utamwambia nani, saa tisa za usiku,
kwamba kuna mtu alipiga chafya
asilegeze mkono?
Wa nne ni mzee mwenye mkanda wa ngozi.
Kamera haitazami hata mara moja;
anamtazama yule wa juu
namna unavyomtazama mtoto aliyepanda ngazi.

Soksi ilikwenda Jumanne.
Midomo ikaenda nusu nusu, kwanza namba, kisha meno.
Chafya niliifuta nikiwa nimefumba jicho moja.
Mzee nilimwacha mwisho, nikimwonea haya.

Vasundhara akaja na chai, akainama, akakaza macho.
"Mia mbili na nne. Kuna ukungu hapa."
"Ni kidole chake."
"Najua ni kidole chake," akasema,
akasubiri mpaka nilipomaliza.
Chai ikapoa. Hakuondoka.

Ijumaa, onyesho la kwanza, nilimpeleka mama.
Shujaa aliporuka ukumbi mzima ulipasuka:
miluzi, karatasi zilizochanwa zikirushwa juu,
kijana mmoja amevua shati.
Mlima ulikuwa mlima. Theluji yake ilikaribia kunitia homa.
Mama akanivuta sikio karibu:
"Yako ni ipi?"
"Pale," nikasema, nikimwonyesha kushoto,
mahali pasipo na kitu.
Akapatazama kwa adabu, kwa muda mrefu,
kama anavyotazama picha za watoto wa wageni.
"Pazuri," akasema.

Mimi nilikuwa nahesabu.
Ishirini na nne, arobaini na nane, sabini na mbili...
Angani hapakuwa na waya, wala kamba, wala mtu,
na ilipokaribia themanini na nane
nikainamisha kichwa, ndani ya zile kelele,
nikanong'ona:
afya.